Jinsi Papa Inspecteur Alivyofeli Mtihani wa Serikali

Mwezi uliopita nilihudhuria matanga ya Mama Furaha katika ukumbi wa parokia huko Ganshoren, na kabla ya sahani za kwanza kuondolewa mezani nilikuwa nimekwisha kusikia kisa cha baba mkwe wake na daktari wa serikali kikisimuliwa mara tatu, na watu watatu, kwa namna tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo. Wa kwanza alisema mzee alimfukuza daktari kwa fimbo. Wa pili alisema mzee alijifanya kipofu. Wa tatu, kijana mwenye simu mbili, alinihakikishia kwamba serikali ya Ubelgiji ilimlipa Mama Furaha mshahara kwa kumwogesha mkwewe, tuhuma ambayo, kama marehemu angeisikia, ingemuua mara ya pili. Nilipomuuliza habari hiyo kaipata wapi, alijibu, "Tonton, kila muntu anajua." Huyo Kila Mtu nimekutana naye maisha yangu yote na sijapata kumwona shahidi mwongo kumshinda. Tuliokuwamo katika nyumba ile siku hizo mbili za mtihani tulikuwa wanne. Mzee alifariki zamani, daktari sijui aliko, Furaha tumemzika, nimebaki mimi. Nitaandika nilichokiona kwa macho yangu. Nilichokisikia nyuma ya mlango nitasema kwamba nilikisikia nyuma ya mlango.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimekuja Brussels kusomea sheria za utawala, na nilipata chumba kwa tangazo lililobandikwa kwenye kioo cha saluni moja ya nywele ndani ya Galerie d'Ixelles, ujia wa maduka ya Wakongo. Kodi ilikuwa nafuu, na sikuuliza kwa nini. Chumba changu kilikuwa darini, lakini chakula na maji ya moto vilikuwa ghorofa ya tatu, kwa Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu mwenye umri wa miaka arobaini hivi, aliyeishi na baba wa mumewe; mume mwenyewe hakuwapo, na hilo pia sikuliuliza. Chini yetu aliuza samaki wa chumvi bwana mmoja wa Kinshasa, na harufu ya makayabu ilipanda ngazi pamoja nasi, ikaingia pamoja nasi, ikakaa. Nyumba yenyewe ilijengwa kwa mtindo wa nyumba za zamani za mji ule: vyumba vitatu vimefuatana kama mabehewa. Furaha alilala cha mbele, mzee cha katikati, na nyuma kulikuwa na jiko na bafu. Maana yake ni kwamba mtu aliyetaka kutoka mbele kwenda jikoni hakuwa na njia ila kupita kitandani mwa mzee. Katika nyumba nyingine hilo lingekuwa jambo dogo. Katika nyumba hiyo lilikuwa suala la siasa ya mambo ya nje.

Yapasa nieleze sababu. Walivyolelewa wao wawili, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali meza moja, hawaitani kwa majina, na hawasemezani ana kwa ana. Wapo watu wa kwao, hata pale Matonge, mtaa wetu wa Wakongo, waliokwisha kuyaacha mambo hayo na kuyacheka. Hawa wawili hawakuyaacha, na sikuwahi kumsikia mmoja wao akilalamika. Furaha akitaka kupita kwenda jikoni alikohoa, mzee aliinua gazeti likafunika uso, Furaha alipita akitazama dari, gazeti likashuka. Mzee huyo alikuwa amekagua shule za Bukavu na vijiji vyake hadi alipostaafu, na Matonge nzima ilimwita Papa Inspecteur. Mwaka uliotangulia kiharusi kilikuwa kimemdhoofisha upande wa kulia. Kichwa chake kilibaki kamili, na ulimi wake, kwa bahati mbaya ya waliomzunguka, ulibaki kamili zaidi.

Jioni yangu ya kwanza nilidhani watu hawa wamegombana. Furaha alisimama mlangoni mwa jiko na sufuria ya kisamvu, ametupa mgongo, akasema, "Monsieur Tanzanie, mwambiye papa, sombe iko tayari." Mzee alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilimtazama. Alinitazama. Ndipo nikasema, nikijiona mjinga, "Papa, sombe iko tayari." Uso wake ukakunjuka kana kwamba ndiyo kwanza apate habari hizo. "Bon. Mwambie mukamwana, ninashukuru. Mais, jana chumvi ilikuwa mingi." Nikageuka. "Mama Furaha, anasema jana chumvi ilikuwa nyingi." "Hukusema 'ninashukuru'," mzee akanikosoa. "Na anashukuru." "Mwambiye papa," akasema Furaha, "chumvi docteur alikataza, sikutia hata kidogo. Ile alisikia ni kinywa yake." Wiki ile nilijaribu mara kadhaa kunyamaza, kwa hoja kwamba ujumbe umekwisha kusikika. Haikusaidia. Wote wawili walingoja, kwa adabu kubwa, hadi niupitishe kinywani mwangu. Nilikuwa na shahada moja na nilikuwa ninatafuta ya pili, na kazi yangu ya kwanza barani Ulaya ilikuwa kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Kazi yangu ya pili niliigundua asubuhi yake. Mpwa wa mzee, aliyekuwa akimwogesha, alikuwa amehamia Liège, jambo ambalo tangazo la chumba halikulitaja. Mkamwana hawezi kumwogesha mkwewe. Hawezi hata kujua kwamba mkwewe huoga. Basi kila asubuhi, kabla ya mihadhara, nilimshika Papa Inspecteur mabegani, nikamwingiza katika beseni la kuogea, nikamsugua mgongo, naye, akiwa amefunikwa povu hadi kidevuni, alinisahihisha vitenzi vyangu vya Kifaransa. Jikoni, nyuma ya ukuta tu, Furaha alifungulia redio kwa sauti ya kuamsha mtaa, ili asisikie maji. Tulipotoka, mzee amevaa na kuchanwa nywele, uji wa mtama, ambao wao huuita buyi, ulikuwa mezani, na mpishi wake hayupo.

Mengine yote yalikuwa ya Furaha. Alipika, alifua, alikata nyama vipande vidogo kabla haijafika mezani ili mkono wa kushoto uimudu bila mtu kuona kwamba umesaidiwa. Alikuwa ameacha kazi yake ya kusafisha maofisi, kwa kuwa mzee alikwisha anguka mara moja akiwa peke yake. Na hapo ndipo shida ilipoingia. Afisa ustawi wa komuni, yaani manispaa, mama mpole mwenye kofia ya sufu, alikuja akasema hali ile haiwezi kuendelea: ama Furaha arudi kazini na mzee aende katika nyumba ya wazee, ambako palikuwa na nafasi, huko Auderghem, karibu na msitu, ama upatikane msaada mwingine. Nafasi hiyo ingengoja hadi majira ya kuchipua. Furaha alisikiliza hadi mwisho, akasindikiza kofia ya sufu hadi chini, akarudi akaniambia, "Kule nani atasikia Kiswahili yake? Nani atamukatia nyama? Batamukalisha mbele ya televisheni sawa mutoto. Monsieur Tanzanie, papa hatoke hapa. Mimi niko hai, hatoke."

Msaada mwingine, kwa mujibu wa Galerie d'Ixelles, ulikuwapo tena tele. Mwenye saluni, Maman Béa, alituambia akiwa ameshika kichwa cha mteja, "Mais muko nalala! Leta iko nalipa bantu benye kuangalia bazee!" Nilimuuliza ni nani aliyelipwa na Leta, yaani serikali. "Banasema." Nani wanasema? "Banasema, nakwambia! Alors wewe unataka nikuletee Leta hapa, nimusuke?" Mteja alicheka hadi akachomwa na chuma cha moto. Sikucheka. Nilikwenda mwenyewe ofisini, nikiwa na Furaha, tukangoja zamu yetu, na ukweli, kama ilivyo kawaida yake, ulikuwa mdogo kuliko uvumi. Palikuwa na posho, ndiyo. Lakini hakulipwa mtunzaji; alilipwa mzee mwenyewe, ikiwa daktari wa wizara angemkuta hajiwezi vya kutosha. "Na mimi mwenye kumuangalia?" Furaha akauliza. Karani alitafuta namna ya kulisema. Nilimsaidia: "Sheria haikutambui, Mama Furaha." "Hainitambue namna gani?" akasema, akijipiga kifua. "Si niko hapa mbele yake?"

Daktari angepima mambo sita: kutembea, kupika na kula, kuoga na kuvaa, kazi za nyumba, kutambua hatari, na kuwasiliana na watu. Kwa kila jambo angetoa kuanzia sifuri hadi pointi tatu, na aliyepata chini ya saba hakupata kitu. Pointi zilihesabu kushindwa: afanyaye vizuri alipewa sifuri. Nilimweleza Papa Inspecteur jambo hilo akiwa katika beseni, lakini alipolisikia neno "mtihani" aliinua mkono wake mzima juu ya povu na kuninyamazisha. "Mitihani unifundishe miye? Nimetunga, nimesahihisha, nimefuta. Leta iko natuma muntu kunikagua? Bon. Atanikuta tayari."

Na tayari alikuwa. Siku ya daktari, kumvika kulitugharimu asubuhi nzima: suti ya kijivu, kizibao, tai, saa ya mnyororo. Aliniagiza nimsimamishe kati ya kabati na kiti, mahali ambapo angeweza kuegemea bila kuonekana ameegemea. Furaha naye alikuwa amepiga deki hadi ngazi za majirani, akatandika kitambaa cheupe, akakaanga samaki wadogo wa sambaza, akachoma mishikaki, akaoka keki. Nilimuuliza kama anaelewa kwamba mgeni anakuja kuona shida. "Muntu wa Leta anaingia kwangu anakuta shida?" akanijibu. "Aseme nini kule anatoka?" Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, amechoka na ngazi. Papa Inspecteur alimwinamia. Alimvutia kiti kwa mkono wa kushoto, kitendo alichokifanyia mazoezi siku mbili nami nikiigiza daktari. Yaliyosemwa kwa Kifaransa nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Habari yako, Bwana?"

"Nzuri sana, Mungu ashukuriwe. Na ya kwako? Na ya safari? Na ya ofisini?"

"Unatembea bila tabu?"

"Nimekagua shule zisizo na barabara, Madame."

"Unaweza kutunza nyumba? Kufagia, kwa mfano?"

"Ni jambo gani katika kufagia linaloweza kumshinda mtu mwenye diploma?"

Daktari aliandika. Kila alipoandika, mzee alinitupia jicho la mwanafunzi anayejua anafanya vizuri. Kisha ikaja zamu ya Furaha, ambaye mbele ya watu wa serikali Kifaransa chake humkimbia, akabaki na Kiswahili na mimi. Daktari alimuuliza nani anamwogesha mzee. Furaha aliutazama uso wangu kama mtu aliyetukanwa kanisani. "Sijue," akasema. Nikatafsiri. "Unaishi hapa?" "Ndiyo." "Na hujui?" "Mambo ya kunawa ya baba mukwe? Miye nijue? Yesu!" Akaingia jikoni, na redio ikalia. Daktari akanigeukia. Katika chumba kile nilikuwa shahidi pekee aliyeona kwa macho, na nilifungua kinywa. Lakini mzee alitangulia. "Bwana huyu ni mpangaji," akasema. "Tena ni mkalimani." Mkalimani hatoi ushahidi, ndivyo nilivyofundishwa, na hadi leo nashikilia kwamba kanuni ni sahihi hata inapokuwa na hasara. Daktari alikula mishikaki, akafungiwa keki ya kupeleka kwake, akashuka ngazi akiwashukuru wote. Mzee alingoja mlango wa chini ufungwe, ndipo akaniangukia mikononi, suti na saa na mnyororo, akipumua kwa nguvu. "Alors?" akaniuliza. "Nimepata ngapi?"

Alipata mbili. Majibu yalipokuja alifurahi kwanza, akidhani ni nafasi ya pili darasani. Nilipomweleza upya, safari hii nje ya beseni, alisema polepole, "Donc, mwenye kushindwa ndiye anapita? Na mwenye kupita ndiye anashindwa? Mais, hii masomo ni ya wapi?" Galerie ilikuwa na dawa tayari. Maman Béa alishauri tuombe apimwe tena, na safari hiyo mzee adondoshe udenda. Mwingine alishauri tumvishe kanzu ya kulalia yenye madoa ya mchuzi. Mwingine alisema shemeji yake alimfundisha mamake kumwita daktari "Bikira Maria", akapita mara moja, ingawa shemeji huyo, nilipotaka kuonana naye, alikuwa amesafiri. Nilikataa yote. Nilimwambia Furaha kwamba sitashiriki kusema uongo mbele ya serikali yoyote. Akanijibu kwa hasira, "Na ule wa siku ile ulikuwa nini? Papa anasema habari nzuri, miye nasema sijue, wewe unanyamaza, ati uko mukalimani. Bantu batatu, Monsieur Tanzanie! Tulidanganya muzuri, na bure!" Uongo wetu ulikuwa wa adabu, na nilikuwa sijawahi kuuhesabu kuwa uongo.

Tuliomba apimwe tena. Lakini majira ya kuchipua yalikuwa yamefika, na mama wa kofia ya sufu, aliyekuwa sasa bila kofia, alituomba angalau mzee akaione ile nyumba ya Auderghem, akanywe kahawa alasiri moja. Nilikwenda naye. Nasema kwa haki: palikuwa pasafi, pana miti, na wahudumu walikuwa watu wema. Wema wenyewe ndio uliotuharibia. Papa Inspecteur alipoinuka kutoka kwenye teksi akishikilia bega langu, msichana mwenye aproni ya waridi alipiga makofi na kusema kwa furaha ya kweli, "Bravo, Anselme! Kumi kwa kumi!" Hakuna mtu aliyemwita mzee kwa jina lake la ubatizo tangu alipofiwa na mkewe. Alimtazama msichana, akanitazama mimi, akaingia. Ndani, bibi mmoja alipigiwa makofi. Mzee aliuliza kwa sauti ya ukaguzi amefanya nini. "Amemaliza mtindi wake," msichana akasema. Bwana mmoja naye alipata kumi kwa kumi kwa kukaa. Papa Inspecteur alimaliza kahawa yake, na alipopigiwa makofi aliiweka sahani chini kama mtu anayetupa glavu mezani kumwita mwenziwe katika pambano la silaha.

Tulikuwa ndani ya teksi, msitu umebaki nyuma yetu. "Shule yenye kila muntu anapata kumi," akasema, "haina mwalimu." Baadaye kidogo: "Ule docteur, yeye hakunipigia makofi." Nikasema hapana, hakupiga. "Yeye ni muntu wa kazi. Alinipa mbili kwa yale aliona. Mimi ndiye nilimuonyesha vibaya." Alitazama nje, kwenye maduka ya Chaussée de Wavre yaliyoanza kuonekana. "Arudi. Tutakagua pamoja."

Alirudi daktari yuleyule, amechoka na ngazi zilezile. Mzee alikuwa amevaa suti, kwa kuwa mkaguzi havai kanzu ya kulalia, lakini safari hii vifungo aliniamuru niviache wazi. Hakukaa mbele ya daktari. Alikaa ubavuni mwake, upande uleule wa meza, wote wawili wakikitazama kiti kitupu. "Madame," akasema, "mtahiniwa ni mzee mmoja ninayemfahamu. Ana majivuno. Tusimsikilize anayosema, tumwangalie anayofanya." Daktari alinitazama. Sikuwa na la kutafsiri.

"Kutembea," mzee akaanza. "Mtahiniwa anafika mlangoni akishika ukuta. Bila ukuta hafiki. Moja."

"Mimi ningetoa mbili," daktari akasema.

"Moja, Madame. Ukuta upo." Nikaanza kujumlisha. "Chakula. Hapiki, anakula mwenyewe, kwa sharti kwamba nyama imekatwa na mtu ambaye anadhani hatujui. Moja. Kuvaa: tazama." Akajaribu kufunga kifungo cha kizibao. Alijaribu kwa muda mrefu, bila haraka, kama anayeonyesha jaribio la maabara, na kifungo hakikufungika. "Kuoga. Shahidi asimame."

Nikasimama. "Nani anamwogesha mtahiniwa?" "Mimi, Papa." Jikoni redio ililipuka. "Umeambiwa au umeona?" "Nimeona. Kila asubuhi." "Anaweza nini mwenyewe?" "Uso. Na kunikosoa." "Mbili," mzee akaamua, na daktari akainamia karatasi yake ili asionekane anacheka. Kufika kwenye kazi za nyumba, mzee alikiri kwamba hajawahi kushika ufagio, hivyo hana ushahidi wowote, wa kuweza wala wa kutoweza. Daktari akaomba ujaribiwe. Nilileta ufagio. Aliushika kama askofu anavyoshika fimbo yake, akausukuma mara moja, na kama nisingekuwa karibu tungemwokota chini ya meza. "Moja," akasema, akihema. "Kutambua hatari: anajua moto unachoma, na sasa anajua ufagio. Sifuri."

Nilikuwa nimejumlisha kichwani. Tano. Lilibaki jambo moja, kuwasiliana na watu, na hilo kwa mtu kama yule lilikuwa limekwisha kabla ya kuanza. Daktari mwenyewe alilisema kwa upole, kalamu ikiwa tayari: "Hapa, Bwana Mkaguzi, naona wazi ni sifuri. Unazungumza kunishinda mimi." Nilitazama sakafu. Niliwaza Auderghem, na aproni ya waridi.

"Ngoja kwanza," mzee akasema. Alipoendelea hakuwa tena na sauti ya ukaguzi. "Katika nyumba hii kuna mke wa mwanangu. Ananilisha. Tangu tumefika hapa hatujasemezana neno, yeye na mimi. Si ugomvi. Ni heshima. Maneno yetu anayachukua bwana huyu."

"Na bwana huyu akiwa chuoni?"

"Ananiwekea maji mezani kabla bwana hajatoka."

"Yakiisha?"

"Ninangoja."

"Hadi lini?"

"Hadi bwana arudi."

"Mkamwana wako yuko chumba cha pili, na wewe una kiu, na unangoja hadi jioni?"

"Yeye pia anangoja," mzee akasema. "Wakati mwingine namsikia amesimama nyuma ya mlango. Anajua yameisha. Hawezi kuniuliza."

Jikoni redio ilizimika. Hatukusikia hatua, hatukusikia sufuria. Daktari alikuwa ameweka kalamu chini, akaichukua tena. "Kwa heshima siwezi kutoa tatu," akasema. "Ofisini wangeniuliza. Natoa mbili." "Mbili ni haki," Papa Inspecteur akajibu, na akampa mkono wa kushoto. Daktari alipokwisha shuka ngazi, sauti ya Furaha ilitoka nyuma ya mlango wa jiko, nami naiandika kama niliyoisikia nyuma ya mlango, nzito kidogo, kama ya mtu mwenye mafua: "Monsieur Tanzanie. Mwambiye papa, mambo ya nyumba habaambiake bageni." Nikamwambia kwamba mambo ya nyumba hawaambiwi wageni. "Mwambie mukamwana," mzee akasema, "amesema kweli. Na umuulize kama maji iko." Maji yalikuwa yamekwisha kufika mlangoni, katika jagi, kabla sijageuka.

Posho ilitolewa. Nafasi ya Auderghem alipewa mtu mwingine, na natumaini alipenda makofi. Serikali haikumlipa Furaha hata senti; ilimlipa mkwewe kwa kutoweza, naye kila mwezi alizilaza fedha hizo mezani, akainua gazeti, nami nikasema, "Mama Furaha, hizi ni za nyumba." Furaha alizikuta, akazichukua, hakurudi maofisini. Hiyo ndiyo habari yote, na hakuna ndani yake fimbo, wala upofu, wala mtu aliyemwogesha asiyepaswa kumwogesha.

Masomo yangu yalipohamia mji mwingine, fedha hizohizo zilimwajiri mwogeshaji: Mflemishi mkubwa, Mbelgiji wa kaskazini, aitwaye Jef, mtulivu, mwenye mikono kama mikate, asiyejua neno moja la Kiswahili. Asubuhi yangu ya mwisho ilikuwa zamu yake ya kwanza peke yake. Nilikuwa kwenye ngazi, mlango wazi, ninafunga kamba ya sanduku, niliposikia kikohozi cha Furaha na kisha sauti yake: "Monsieur Jef, mwambiye papa, buyi inapoa." Nilisimama. Jef alitokeza kichwa bafuni, taulo begani, akamtazama Furaha, akamtazama mzee, na nyumba nzima ikangoja.

"Ja, ja," akasema Jef, ndiyo, ndiyo kwa lugha yake.

"Bon," akasema Papa Inspecteur kutoka ndani. "Mwambie mukamwana, ninakuja. Huyu bwana hajanifunga kifungo."

Jef alimgeukia Furaha kwa heshima zote. "Ja, ja," akasema. Furaha akaitikia kwa kichwa, akarudi jikoni, na nikainua sanduku langu, kwa kuwa ujumbe ulikuwa umefika.